Muulize Babu: 1783, mwaka jua lilipogeuka rangi ya damu

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba ningeambiwa nichague mwaka mmoja wa karne ya 18 niende kuutembelea na kurudi salama, ningechagua 1783, mwaka wa jua la damu, mlima kulipuka Japan na kesi ya meli ya watumwa ya Zong. Basi mmeniletea maswali mpaka nimejuta, mengine yana ka-ukali ndani yake. Yaliyofanana nimeyaunganisha, yaliyonizidi nimeyaruka kimya kimya.

Shikamoo babu. Kwa nini 1783 na sio 1776 au 1789 ya Mapinduzi ya Ufaransa? Hizo mbili kila mtu anazijua, hiyo yako hata darasani haikutajwa. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

Marahaba mjukuu. Si ndo maana yenyewe hiyo, haikutajwa! 1776 Wamarekani walitangaza wako huru, sawa, lakini kutangaza ni kama mke kufungasha virago na kuondoka, talaka yenyewe iliandikwa tarehe 3 Septemba 1783 kule Paris, Uingereza ikatia sahihi kwamba basi, yameisha. Ila hilo hata sio lililonivuta. Hebu tazama mwaka wenyewe ulivyo, Februari kusini ya Italia inatetemeka mpaka vijiji vinafutika, Aprili malkia Katerina wa Urusi anaimeza Krimea, Juni ardhi ya Iceland inapasuka, Julai kule Caracas anazaliwa mtoto anaitwa Simón Bolívar ambaye akija kukua atawatoa jasho Wahispania, Agosti mlima unalipuka Japan, Novemba binadamu anaruka angani kwa mara ya kwanza na kushuka mzima, Desemba Uingereza inapata waziri mkuu wa miaka 24, William Pitt, watu wakacheka wakidhani hamalizi hata Krismasi, akakaa miaka 17 mfululizo.

Na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyeuona huo mwaka mzima, kila mtu aliona kipande chake. Habari ilikwenda kwa farasi na kwa meli ya matanga, ikichelewa imechelewa. We saivi unajua zaidi kuhusu 1783 kuliko mtu yeyote aliyeishi 1783, na hiyo kwangu ni kitu cha ajabu sana.

Babu umesema jua liligeuka damu. Ni mambo ya dini hayo au kuna kitu kweli kilitokea?

Kilitokea. Jumapili ya tarehe 8 Juni 1783, siku ya Pentekoste, kusini mwa Iceland ardhi ilipasuka sehemu inayoitwa Laki. Usifikirie mlima mmoja wenye tundu juu kama unavyochorwa vitabuni, huu ulikuwa ufa, urefu wake kama kilomita 25 na ushee, wenye matundu zaidi ya 100 yamejipanga mstari kama vifungo vya kanzu, na yalitema moto na moshi kwa miezi minane, mpaka Februari 1784.

Sasa watu wakisikia volkano wanawaza uji wa moto unaofukuza watu. Uji ulikuwepo, tena mwingi, ulijaza mabonde ya mito na kufunika mashamba, kuna mchungaji mmoja, Jón Steingrímsson, ambaye tarehe 20 Julai aliwakusanya waumini wake kanisani huku uji unakuja upande wao, akahubiri kama ndo mara ya mwisho, walipotoka wakakuta umesimama, haukusogea tena. Waiceland mpaka leo wanayaita yale mahubiri ya moto. Lakini kilichoua watu kilikuwa hewa. Ule ufa ulitoa gesi ya salfa tani zaidi ya milioni 100, na pamoja nayo floraini, ambayo ilitua kwenye majani, kondoo wakala, mifupa ikaota vinundu, meno yakaharibika, wakashindwa hata kutafuna. Wakafa wengi mno, kondoo karibu wanne kati ya kila watano, ng'ombe na farasi nusu nzima. Na nchi ile bila kondoo ni nini? Njaa ikaingia, na katika watu kama 50,000 wa kisiwa kizima, karibu mmoja kati ya kila watano akafa. Wenyewe wanaukumbuka ule wakati kwa jina lenye maana ya shida za ukungu.

Huo ukungu sasa. Haukukaa Iceland. Kabla Juni haijaisha ulishafika Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uingereza, ukungu mkavu, haulowanishi nguo, hauondoki hata upepo ukivuma, unanuka kiberiti na kukwaruza koo. Jua likichomoza na kuzama lilikuwa jekundu kama damu, mchana unaweza kulitazama kwa macho makavu bila kufumba. Majani ya miti yakanyauka katikati ya kiangazi. Julai ikawa na joto kali, radi zikawa nyingi, wavunaji mashambani wakaanguka, vitabu vya mazishi vya makanisa ya Uingereza vinaonesha vifo vilipanda mwaka ule kupita kawaida. Watu walisema Kiyama hicho. Mi ningekuwepo ningesema hivohivo, tusidanganyane.

Benjamin Franklin alikuwa Paris, mzee wa miaka 77, balozi wa Marekani anayeshughulikia ule mkataba, lakini mtu mdadisi hawezi kutulia. Aliandika baadaye kwamba miale ya jua ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ukiikusanya kwa lenzi haiwashi kwa urahisi hata karatasi ya kaki. Akakisia kwamba huenda ni moshi wa volkano ya Iceland, na kwamba huo moshi ndo umeleta baridi kali ya majira yaliyofuata. Mlima aliutaja mwingine, aliutaja Hekla, lakini kwa mtu asiye na setilaiti wala simu mi namvulia kofia. Baridi yenyewe ilikuwa sio ya mchezo, Februari 1784 mabonge ya barafu yalionekana yakielea Mto Mississippi mpaka New Orleans, mji ambao barafu ni mgeni kabisa.

Nimesikia hiyo volkano ndo ilisababisha Mapinduzi ya Ufaransa. Na lile tetemeko la Italia ndo liliamsha volkano? Naomba jibu moja la ndiyo au hapana.

Hapana na hapana.

Haya, nieleze kidogo. Hiyo ya Mapinduzi inasambaa sana maana ni tamu kusimulia, volkano inalipuka mfalme anakatwa kichwa, nani hapendi. Lakini kati ya 1783 na 1789 kuna miaka sita, na katika hiyo miaka kuna serikali iliyojaa madeni, mengi ya kuwasaidia hao hao Wamarekani kwenye vita vyao, kuna kodi ambazo mabwana wakubwa hawalipi na maskini analipa, na kuna mvua ya mawe ya tarehe 13 Julai 1788 iliyoharibu ngano ikiwa iko karibu kuvunwa. Laki iliongeza shida kwenye baridi ile ya mwanzo, sawa, ila anayeibebesha mapinduzi mazima anaionea.

La pili, watu wa wakati ule nao walidhani hivohivo, na ukiwaza sio wajinga, Februari Italia inatetemeka, Juni ukungu unakuja, kwa nini usiseme moshi umetoka kwenye zile nyufa za Calabria, huko huko kusini ya Italia? Wengi walisema. Lakini Calabria na Iceland ziko mbali mno na hazihusiani. Matetemeko ya Calabria yalikuwa makubwa matano, kuanzia 5 Februari mpaka 28 Machi, mji wa Messina ng'ambo ya mlango wa bahari ukabomoka, waliokufa ni makumi ya maelfu. Kinachoniuma mimi ni mji mdogo wa Scilla. Baada ya tetemeko la kwanza watu walikimbia nyumba zao wakaenda kulala ufukweni, wazo zuri kabisa, mbali na kuta. Usiku ule tetemeko lingine likamegua mlima wa jirani, ukaporomoka baharini, wimbi likarudi na kufagia ufukwe. Zaidi ya watu 1,000 walifia hapo, na mtawala wao mzee akiwemo.

Japan ulitaja harakaharaka ukapita. (Msomaji mwenye kinyongo)

Samahani ndugu yangu. Mlima Asama ulianza kunguruma Mei na ukafikia kilele usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti. Chini yake kulikuwa na kijiji cha Kanbara, watu 570, mawe na tope vilishuka vikakifunika na 477 wakafa, waliopona ni 93, wengi kwa sababu walikuwa wamepanda juu kwenye kihekalu cha Kannon, anayeheshimiwa na Wabudha kwa huruma. Ngazi za kwenda pale zilikuwa 50, leo unaziona 15 tu, zilizobaki ziko chini ya ardhi. Mwaka 1979 wataalamu walichimba wakakuta chini kabisa kwenye ngazi mifupa ya wanawake wawili, mmoja mdogo amembeba mgongoni mmoja mkubwa, wakifikiriwa kuwa binti na mama yake, au mke na mama mkwe. Walikuwa wameshaanza kupanda.

Njaa kubwa ya Japan ya miaka ile lakini ilikuwa imeshaanza 1782, kabla ya mlima. Asama uliizidisha.

Ni kweli abiria wa kwanza wa puto alikuwa kondoo? Mume wangu anabisha.

Mwambie mumeo ameshindwa. Kondoo, bata na jogoo, tarehe 19 Septemba 1783, ikulu ya Versailles, mbele ya mfalme Louis XVI na malkia Marie Antoinette. Walipaa kama dakika nane wakatua kilomita tatu hivi mbele, wazima. Bata alichaguliwa maana kuruka juu kwake ni kawaida, kondoo ndo alikuwa wa kutupimia sisi binadamu. Inasimuliwa jogoo alikutwa ameumia bawa, waheshimiwa wakaanza kujadili kama hewa ya juu inaumiza, kumbe kondoo alishampiga teke kabla hawajaondoka.

Puto lilikuwa la ndugu wawili Montgolfier, familia ya watengeneza karatasi wa Annonay, na maonyesho yao ya kwanza hadharani yalikuwa tarehe 4 Juni, siku nne kabla Laki haijapasuka, yani watu wameanza kupeleka moshi juu kwa mfuko siku chache kabla Iceland haijafanya hivohivo bila mfuko. Na wenyewe waliamini kinachobeba puto ni moshi, wakachoma majani makavu na sufu ili ufuke kwelikweli, wakati kinachobeba ni hewa ya moto tu.

Kuna mpinzani wao, Jacques Charles, mwanafizikia, yeye alitumia haidrojeni, akaitengeneza kwa kumwaga tindikali ya salfa juu ya vipande vya chuma. Puto lake la 27 Agosti halikuwa na mtu, likapaa kutoka Paris likaenda kuanguka kijiji cha Gonesse, wanakijiji wakaona dude linahema na kunuka, wakalivamia na uma za shambani mpaka likakata roho. Serikali ikabidi itoe tangazo kuwaambia wananchi kwamba wakiona kitu kama hicho angani wasiogope.

Tarehe 21 Novemba ndo wakapanda watu, Pilâtre de Rozier na marquis d'Arlandes, dakika 25 hivi juu ya Paris, moto unawaka hapo hapo juu yao, cheche zinatoboa kitambaa wao wanazima na sponji yenye maji. Mfalme kwanza alitaka wapandishwe wafungwa waliohukumiwa kifo, Rozier akalalamika kwamba heshima kama hiyo haiwezi kwenda kwa mhalifu. Siku kumi baadaye, 1 Desemba, Charles naye akapanda la kwake pamoja na fundi wake, jua likazama wakatua, mwenzake akashuka, puto likawa jepesi, Charles peke yake akapaa ghafla kama mita 3,000 na kuliona jua lilelile likizama mara ya pili siku hiyohiyo. Sikio likamuuma vibaya. Hakupanda tena maisha yake yote, na mi simlaumu.

Rozier aliendelea. Juni 1785 alijaribu kuvuka bahari kwenda Uingereza, puto likashika moto, akafa.

Babu, Marekani ilipopata huo uhuru wa 1783, watu weusi waliokuwa watumwa kule walipata nini? Naona historia inawaruka.

Swali hili nimelisubiri. Wakati wa vita Waingereza walitangaza kwamba mtumwa wa muasi akikimbilia kwao atakuwa huru. Maelfu walikimbia, na vita vilipoisha wengi walikuwa wamejazana New York, mji uliokuwa bado mikononi mwa Waingereza. Halafu inakuja habari ya mkataba, ukisoma kifungu cha 7 kinasema Waingereza waondoke bila kuchukua weusi wala mali nyingine ya Wamarekani. Angalia ilivyoandikwa, weusi wametajwa pamoja na mali. Mmoja wao, Boston King, aliandika baadaye kwamba walikosa usingizi, mabwana wa zamani walikuwa wanaingia mjini na kuwakamata watu barabarani, hata vitandani.

Mei 1783 George Washington alikutana na jemadari wa Waingereza, Guy Carleton, pale Tappan, akadai watumwa warudishwe. Carleton akakataa, akasema waliokuja kabla ya mkataba walishaahidiwa uhuru na serikali yake haivunji ahadi, kama kuna wa kulipwa atalipwa pesa, na kwa ajili hiyo majina yataandikwa. Likaandikwa daftari, watu kama 3,000, jina, umri, sura, alikuwa wa nani, amekimbia lini. Waliokuwa wa Washington mwenyewe wamo! Kuna binti anaitwa Deborah, miaka 20. Kuna Harry, ambaye inaelezwa alizaliwa karibu na Mto Gambia, Washington akamnunua 1763, akatoroka 1776. Sasa huyo ndo nampenda. Alisafirishwa Julai 1783 mpaka Nova Scotia, Kanada ya leo, baridi, ardhi ya mawe, ubaguzi uleule, akavumilia miaka tisa, 1792 akapanda meli na wenzake kama 1,200 wakarudi Afrika, Sierra Leone, wakauanzisha mji wa Freetown. Mwaka 1800 kampuni iliyokuwa inatawala pale ikawabana na kodi ya ardhi, wakaasi, Harry akiwemo, akahukumiwa kufukuzwa. Bwana wake wa zamani aliasi kwa ajili ya kodi akawa rais, huyu kaasi kwa ajili ya kodi akapelekwa uhamishoni ng'ambo ya mto.

Waingereza wenyewe waliondoka New York tarehe 25 Novemba, na inasimuliwa waliacha bendera yao imepigiliwa misumari juu ya mlingoti, mlingoti umepakwa mafuta. Makusudi kabisa.

Unaitaja meli ya Zong kwenye 1783 lakini yale mauaji yalikuwa 1781. Umekosea babu.

Sijakosea ila umefanya vizuri kukagua. Mauaji yalianza 29 Novemba 1781. Meli ya wafanyabiashara wa Liverpool ilikuwa inatoka Afrika Magharibi kwenda Jamaica ikiwa na Waafrika 442, ilijaza watu kupita kiasi, wakapotea njia wakaipita Jamaica wakidhani ni kisiwa kingine, kisha wakadai maji yanaisha, wakawatupa baharini watu wapatao 132 kwa mafungu, wakianza na wanawake na watoto.

Dunia haikujua. 1783 ndo ilijua, na ilijua kwa sababu gani? Bima. Wenye meli walidai walipwe pauni 30 kwa kila kichwa, kampuni ya bima ikakataa, wakaenda mahakamani London. Machi 1783 wenye meli wakashinda. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyejinunua kutoka utumwani, akaona habari hiyo na tarehe 19 Machi akaenda kumgongea Granville Sharp, Mwingereza aliyekuwa anapinga utumwa, kumwambia. Kesi ikasikilizwa tena Mei mbele ya Jaji Mkuu Lord Mansfield, ambaye alisema, ingawa jambo linashtua, kisheria ni kama vile farasi ndo wametupwa. Ila ikatoka kwamba mvua ilikuwa imenyesha kabla fungu la mwisho halijatupwa, maji yalikuwepo, hivyo akaona inafaa kesi isikilizwe upya. Sharp akahangaika wahusika washtakiwe kwa mauaji. Hakuna aliyeshtakiwa hata mmoja. Juni mwaka huohuo Wakweka, kundi la Wakristo, walipeleka bungeni maombi ya kwanza ya kutaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na biashara ile ilipigwa marufuku Uingereza 1807. Hesabu mwenyewe miaka.

Kwa nini tarehe za Urusi za mwaka huo kila kitabu kina yake?

Kalenda. Urusi ilikuwa bado inatumia ya zamani, nyuma siku 11. Katerina alitia sahihi tangazo la Krimea tarehe 8 Aprili kwake, 19 Aprili kwa majirani. Ukikutana na tarehe mbili usigombane na mtu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nasikia Euler, yule bingwa wa hesabu, alifariki mwaka huo. Alikufaje?

Mwalimu, vizuri sana alikufa, kama kufa kunaweza kuwa vizuri. Ilikuwa 18 Septemba 1783, Saint Petersburg, miaka 76, na alikuwa kipofu tangu zamani, anakokotoa kichwani na wanafunzi wanaandika. Siku hiyo alizungumza na mwenzake kuhusu njia ya Uranus, sayari iliyokuwa imegunduliwa 1781, akacheza na mjukuu wake, akapata kiharusi, jioni akaondoka. Habari za wale ndugu wa Annonay zilikuwa zimeshamfikia mpaka huko Urusi. Kwenye ubao wake walikuta hesabu alizokuwa anazifanya, anatafuta puto litapanda kwa kasi gani na litafika juu kiasi gani.